Karani wa Masjala na Nyuzi Zake

Ubaya ninaokusudia kuuanika hapa unaitwa ujuaji. Siuzungumzii ule wa vijana wanaobishana kuhusu mpira, kwa kuwa huo haumuumizi mtu. Nauzungumzia ujuaji wa mtu mzima aliyesoma, aliyekabidhiwa ofisi na funguo zake, ambaye akikutana na kitu asichokielewa huamua papo hapo kwamba kitu hicho hakina maana. Mwenye ubaya huo katika habari hii ni mimi. Lakini habari yenyewe si yangu. Ni ya mwanamke aliyekuwa karani wa masjala katika kliniki yetu ya Voi, na sitamtaja kwa jina, kwa sababu itakayoonekana mwishoni.

Wala sitaeleza alizaliwa lini na kwa nani. Watu wa Voi hawakumjua kwa ukoo wake. Walimjua kwa dirisha lake. Lilikuwa dirisha dogo la mbao, upande wa kulia wa mlango, na nyuma yake zilisimama rafu za mafaili kutoka sakafuni hadi darini. Kwa miaka yote niliyokuwa msimamizi pale, hakuna mgonjwa aliyemfikia daktari bila kupita kwanza mbele ya macho ya karani huyo, na wapo walioapa kwamba homa yao ilianza kushuka pale pale dirishani, kwa woga.

Alivaa sweta. Anayeijua Voi, mji ambao saa nne asubuhi mabati yake huwa yamekwisha kuanza kulia kwa jua, ataelewa uzito wa sentensi hiyo. Lilikuwa sweta la sufu, la rangi ya bluu, lenye vifungo vyote, na alilivaa Januari hadi Desemba. Nilipomuuliza kama hasikii joto, alinijibu kwamba baridi ya Werugha haimtoki mtu kwa sababu tu ameshuka mlima. Saa yake ya mkononi aliirekebisha kwa honi ya treni ya abiria. Treni ilipochelewa, aliilaumu treni. Saa yake haikuwahi kukosea.

Kulikuwa na kosa moja ambalo hakulisamehe kwa yeyote, awe nesi au daktari: kutupa faili mezani.

"Weka," alisema kila mara. "Usitupe. Huyo ni mtu."

Foleni aliisimamia kama mpaka wa nchi. Siku moja alikuja afisa mmoja mwenye kitambi na simu mbili, akapita kando ya watu wote, akaegemea dirisha.

"Mama, unajua mimi ni nani?"

"Sijui," karani alisema bila kuinua kichwa, "lakini kadi yako itaniambia. Ulipewa nambari gani?"

"Kumi na saba."

"Basi wewe ni kumi na saba. Kaa pale karibu na kumi na sita, ni mtu mzuri, mtaongea."

Hata hivyo, asubuhi ile ile nilimwona akimpitisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, tena kwa mlango wa nyuma. Nilimwita kando nikamuuliza iko wapi ile sheria yake.

"Yule hana nambari," alinijibu. "Sasa ameruka nambari ya nani?"

Alikuwa na migongano mingi ya namna hiyo ndani ya nafsi moja. Umbea aliuchukia kwa dhati. Mtu akianza kumnong'onezea habari za jirani, karani aliinua kiganja na kusema, "Hayo usiniletee mimi." Kisha aliandika mistari miwili, akaweka kalamu chini, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka tu kumbukumbu ziwe sahihi: "Hiyo ilikuwa Jumanne ama Jumatano?"

Na mikono yake haikukaa bure. Foleni ilipokwisha, alivuta droo ya chini na kutoa kikapu alichokuwa akikisuka, kikapu cha katani kama wanavyosuka wanawake wa milimani kwetu, cha mistari ya rangi. Katika droo hiyo hiyo, ndani ya kopo la majani ya chai, aliweka vipande vya nyuzi vilivyobaki: vyekundu, vya kijani, vyeusi na vya manjano. Mara kwa mara alichomoa uzi mmoja, akaupitisha kwenye tundu la kona ya kadi ya mbele ya faili fulani, akaufunga fundo dogo, akairudisha faili mahali pake. Nililiona jambo hilo kwa miaka. Nilidhani ni urembo. Mimi niliyesoma vitabu vya kujaza ukuta, niliyezoea kuwasuta vijana kwa kutouliza maswali, sikumuuliza swali hata moja.

Ndipo ukaja mfumo mpya.

Kliniki zetu zilikuwa tatu chini ya bodi moja: ya Voi, ya Werugha na ya Mboghoni. Mgonjwa wa Mboghoni aliyepelekwa Voi alilazimika kubeba daftari lake, na daftari liliponyeshewa njiani, au mbuzi alipolionja, historia ya mwili wake ilipotea. Bodi iliamua kwamba kumbukumbu za kliniki zote tatu zihamishiwe kwenye mfumo mmoja wa kompyuta. Ulikuwa uamuzi mwema, na hadi leo nautetea. Niliwahutubia wafanyakazi kwa nusu saa. Mimi nilisema tarakilishi, kama vitabu vinavyoagiza. Karani alisema kompyuta, na wote walimwelewa yeye.

Nilimtarajia awe mpinzani wa kwanza. Nilikuwa nimeandaa hata maneno ya kumtuliza. Fundi wa mfumo, kijana mchangamfu kutoka Nairobi, naye alikuwa ameonywa, kwa hiyo siku ya mafunzo alianza naye kwa upole mwingi.

"Mathe, usiogope hii kitu. Ni rahisi tu. Unabonyeza hapa, halafu hapa."

"Mathe ni mama yako, msalimie," alisema karani. "Mimi ni karani. Na hapo umebonyeza mahali si penyewe. Umemwandika huyu mzee kuwa mja mzito."

Fundi akatazama kioo cha kompyuta. Kweli. Chumba kizima kiliangua kicheko, na fundi akacheka kuliko wote. Tangu hapo alimwita Karani, kwa heshima, na baada ya wiki moja karani alikuwa akiandika kwa vidole vyote kumi wakati sisi wengine tukiwinda herufi kwa kidole kimoja.

Kazi ya kuhamisha tuliipanga hivi. Majina, kijiji, mwaka wa kuzaliwa na ugonjwa wa mwisho vingeandikwa kwenye kompyuta kwanza. Kadi ya mbele ya kila faili ingepitishwa kwenye mashine ya kupiga picha. Kurasa za ndani, ambazo kwa baadhi ya wagonjwa zilikuwa nene kama kitabu cha sala, zingesubiri mwaka unaofuata. Mafaili yenyewe yangefungiwa stoo nyuma ya jenereta.

Siku ya kwanza mashine ilikwama. Ilikwama tena baada ya chai. Fundi aliifungua tumbo akatoa uzi mwekundu wa katani uliojiviringisha kwenye magurudumu yake.

"Ni hizi kamba, bosi," aliniambia. "Kadi ikiwa na kamba, mashine inaila, halafu inakwama."

"Zitolewe," nilisema.

"Hizo hazitolewi," alisema karani kutoka dirishani kwake.

Ningeweza kumuuliza kwa nini. Ni maneno mawili tu, na mdomo wangu ulikuwa mzima. Badala yake nilisema, mbele ya manesi na wagonjwa, "Mama, mfumo haupokei mapambo."

Alinigeukia taratibu. "Umesema mapambo?"

"Nimesema mapambo."

"Sawa, Bwana Msimamizi." Akaisukuma droo ya chini kwa goti, ikafunga.

Siku za amani aliniita baba, ingawa alinizidi umri. Bwana Msimamizi lilikuwa jina la siku za vita, na ningepaswa kulisikia kama king'ora. Sikulisikia. Kwa kuwa sikumwamini tena na nyuzi hizo, nilimwita mfagizi wetu, mtu wa maneno machache aliyekaa pale karibu miaka sawa na karani, nikamkabidhi makasi. Kazi yake ingekuwa kuleta kadi kutoka kwenye mafaili, kukata nyuzi, kuzipeleka kadi kwenye mashine, kisha kuzirudisha kila moja katika faili yake na kuyapeleka mafaili stoo. Aliyapokea makasi, akayatazama pande zote mbili, akaenda zake. Mashine haikukwama tena. Nilijipongeza.

Mfumo ulipofunguliwa rasmi tulikunywa soda. Mafaili yalikuwa stoo, rafu zilikuwa tupu, na karani alikaa nyuma ya kompyuta mpya akiwa amevaa sweta lake, akiandika upesi na kusema kidogo. Siku ya tatu akaja mama mmoja anayeuza kabeji sokoni, aliyeteremka kutoka Werugha, mwenye koo lililovimba. Daktari wetu alikuwa mgeni, hajamaliza mwezi. Alitazama kioo, akaona jina, kijiji na kikohozi cha mwaka uliopita. Akamwandikia sindano ya penisilini, na agizo likatokea pia kwenye kioo cha karani.

Nilikuwa nimesimama mlangoni nikimwonyesha mgeni wa bodi jinsi kila kitu kilivyokwenda haraka. Nilimwona mama wa kabeji akiingia chumba cha sindano. Nilimwona nesi akivuta dawa kwenye bomba. Kisha nikasikia kiti kikianguka, na karani wa masjala, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akitembea haraka, alipita kati yangu na mgeni wangu kana kwamba tulikuwa pazia.

"Wacha! Huyo ni mwekundu!"

Nesi alisimama na bomba mkononi. "Mwekundu vipi, mama?"

"Hiyo dawa mwili wake unaikataa. Alichomwa hapa hapa, akafura uso mpaka macho yakafunga, tukamwekea maji usiku kucha. Weka hiyo sindano chini."

Mama wa kabeji alikuwa akimtazama kwa mshangao. "Kumbe ilikuwa dawa? Mimi niliambiwa ni damu ilishtuka."

"Ni dawa. Nani alikuambia ni damu?"

"Shemeji yangu."

"Shemeji yako ana kliniki?"

Walicheka wote watatu, wale wanawake, kicheko cha watu waliopishana na ajali barabarani. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa, kati ya nambari tisa na nambari kumi.

Mchana ule aliniambia maana ya nyuzi, kwa kuwa mchana ule, hatimaye, nilimuuliza. Nyekundu: mwili wake unakataa dawa fulani, soma ndani ujue ni ipi. Manjano: hajui kusoma na anaona haya kusema, msomee maagizo ya dawa kana kwamba unamsomea kila mtu. Kijani: usimwite kwa jina mbele ya watu, ana sababu zake, mwite "wewe mwenye mwavuli". Nyeusi: amefiwa karibuni, usimuulize mzee hajambo. Madaktari waliandika mambo yao ndani, kwa mwandiko wao wa kukimbia, na daktari aliyefuata hakuwa na muda wa kurudi kurasa arobaini nyuma. Uzi ulionekana kabla faili haijafunguliwa.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Hukuniuliza. Uliniambia."

"Lakini mtu angekufa!"

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la sweta, kwa muda mrefu. "Ndiyo. Hapo nimekosa mimi. Nilinuna, na sikuajiriwa kununa." Kisha akaivaa miwani. "Haya. Sasa tunafanya nini?"

"Tuambie wekundu wote ni akina nani."

"Wengine nawajua. Wote siwajui." Aliona uso wangu ukibadilika. "Unafikiri nilifunga nyuzi kwa nini, baba? Ili nisitegemee kichwa changu. Kichwa changu kinazeeka."

Aliniita baba, na neno hilo lilinichoma kuliko karipio. Nyuzi zilikwisha kukatwa kwa amri yangu. Daktari aliagizwa amuulize kila mgonjwa kabla ya kumwandikia dawa, lakini mama wa kabeji mwenyewe alikuwa amekaa miaka akiamini neno la shemeji. Njia iliyobaki ilikuwa kufungua kila faili na kusoma kila ukurasa, na wakati huo huo wagonjwa wa Voi, na kesho wa Mboghoni, wangeendelea kuingia mlangoni na kutazamwa kupitia kioo kisichojua lolote. Fundi alipiga hesabu ya miezi. Karani alisema angeanza papo hapo.

Tukaenda stoo. Mfagizi alitufungulia mlango, akasimama kando na ufagio wake huku mimi nikivuta rundo la kwanza.

"Mnatafuta nini, bosi?"

"Tunasoma mafaili yote, ukurasa kwa ukurasa. Tunatafuta watu wanaodhuriwa na dawa."

"Yote?" Alimgeukia karani. "Si ni wale wa kamba nyekundu?"

"Ndio hao," karani alisema kwa uchovu. "Lakini kamba zilikatwa."

"Nani alikata?"

Tulimtazama. Alikuja polepole, akachukua faili kutoka mkononi mwangu, akaifungua. Kwenye kona ya kadi ulikuwapo uzi wa manjano, umefungwa fundo dogo. Akafungua nyingine, haikuwa na kitu. Akafungua ya tatu: nyekundu.

"Mimi nilifungua fundo tu," alisema. "Kadi kumi kumi. Kamba nalaza juu ya faili yake. Mashine ikimaliza, narudisha kadi, nafunga tena pale pale. Makasi yako ile hapo dirishani, bosi. Haijakata kitu."

Karani alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Kwani ulijua maana yake?" nilimuuliza.

"Hapana."

"Sasa kwa nini hukukata, kama nilivyokuagiza?"

Alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo lisilohitaji kufikiriwa. "Nimemwona mama akizifunga miaka yote. Sikujua ni za nini. Ndiyo maana sikukata."

Nimesoma mengi kuhusu hekima, na mengine nimeyasoma mara mbili. Sijakutana na sentensi iliyonikalisha chini kama hiyo. Yeye na mimi tulikuwa na ujinga ule ule, kipimo kile kile. Tofauti yetu ilikuwa tu katika kile ambacho kila mmoja aliufanyia ujinga wake.

Kazi ya miezi ikawa ya siku nne. Mfagizi alichagua mafaili yenye nyuzi, karani alisoma, fundi akaandika, na kila nyekundu ikapata alama nyekundu inayojaza nusu ya kioo, hata daktari mwenye haraka asiweze kuiruka. Manjano ikapata mahali pake, na kijani pia. Fundi alikwama kwenye nyeusi.

"Karani, hii ya kufiwa haina pahali kwa mfumo."

"Basi mfumo wako haujawahi kufiwa," alisema karani. "Utengenezee pahali."

Akautengenezea. Pahali hapo papo hadi leo, na nasikia wa Werugha na Mboghoni hupatumia kuliko sisi.

Karani alistaafu baadaye kwa sherehe ambayo aliisimamia mwenyewe, akiwapanga wageni kwa nambari kwenye foleni ya pilau. Sikumwona kwa muda mrefu. Mwezi uliopita, bodi iliponiomba niandike habari ya jinsi kliniki zetu zilivyohamia mfumo mpya, ili kliniki nyingine zijifunze, nilipanda Werugha kumsomea nilichoandika. Nilimkuta kibarazani pake, ukungu umefunika matuta ya kabeji hadi nusu, ng'ombe wake wa maziwa akikohoa mahali fulani ndani ya weupe ule. Alikuwa amevaa sweta lile lile. Pale, walau, lilikuwa na sababu.

"Kwawuka mana?" alinisalimu kwa Kidawida, kisha akanitazama miguu. "Viatu gani hivyo vya kupandia mlima? Kaa. Soma."

Nilisoma. Yeye alisuka. Nilikuwa nimemsifu sana. Nilikuwa nimeandika jina lake lote, mara sita. Nilipofika mahali pa stoo nilisoma hivi: "Kwa bahati njema, nyuzi zilipatikana zikiwa salama."

Mikono yake ikasimama. "Zilipatikana?"

"Ndiyo."

"Zilijificha zenyewe?"

Niliisoma tena ile sentensi kwa macho.

"Na hiyo bahati njema," aliendelea, "ndiyo iliyokuwa imeshika ufagio?"

"Nilimtaja hapa chini," nilisema, nikitafuta ukurasa. "Hapa. 'Mfagizi wetu.'"

"Baba, sikiliza. Jina langu liko kwenye kila faili ya ile kliniki, ukurasa wa nyuma, na sahihi yangu juu yake. Nimeandikwa vya kutosha. Lifute. Niite karani, watanijua. Yeye hata kwenye kitambulisho chake cha kazi mlimwandika Mfagizi, na mimi nilikaa naye miaka yote hiyo nikiona, nikanyamaza. Ile ni kadi ambayo sikuifunga uzi." Akavuta katani, akaikaza. "Unalijua jina lake, lakini?"

Nilikuwa nimelazimika kuliuliza mwaka ule, baada ya stoo, na niliona haya kuuliza.

"Nalijua."

"Basi toa kalamu, uliandike nikiona."

Nilitoa kalamu. Nilifuta jina la karani mahali pote sita, na yeye akihesabu kwa sauti. Kisha nikageuza ukurasa safi, nikaweka karatasi juu ya goti, na huku akinichungulia begani kuhakikisha kwamba mwandiko wangu unasomeka, nikaandika: aliyezirudisha nyuzi aliitwa Mnjala.